Yule Mwanaume wa Kwenye Santuri

Wilhelmina alikuwa na miaka sitini na moja, mjane wa mwalimu, muuguzi mstaafu, mwenyekiti wa akina mama usharikani, na alikuwa amependa. Tuliseme hilo mapema ili baadaye asiwepo wa kujifanya ameshtuka. Alikuwa amependa kiasi cha kubadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu kabla ya kutoka nyumbani, na kuunguza maharage mara mbili ndani ya wiki moja. Na huyo aliyempenda, Mungu amsaidie, alikuwa mwenye baa.

Hilo la baa ndilo lililomtoa mwanawe Yeremia, mhandisi, kazini Dodoma mpaka Mwanza, siku nzima barabarani. Alifika Ijumaa jioni, akala, akashukuru, akanawa mikono, kisha akayatoa maneno aliyokuwa akiyapanga tangu Singida.

"Mama, chumba chako kiko tayari kule kwangu. Wajukuu wanakusubiri. Jumapili baada ya ibada ya kwanza tunaondoka."

"Nani amekupigia simu?"

"Hakuna aliyenipigia."

"Yeremia."

"Watu wawili tu," alikiri, akiangalia meza. "Wanasema kila Alhamisi unaonekana baa. Baa, Mama. Wewe."

Wilhelmina alimtazama mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, kipara kimeshaanza kumnyemelea utosini. Alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

"Mwenye baa hiyo anaitwa Ndalahwa," alisema. "Juzi ameniomba anioe. Nimemwambia jibu nitampa ukishamwona. Kesho saa tisa alasiri tunakwenda wote. Kabla ya hapo sifungi hata begi moja."

Yeremia aliinuka mezani. Alikwenda kulala mapema, lakini Wilhelmina alimsikia akijigeuzageuza kitandani kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alilala vizuri tu.

Baa yenyewe iliitwa Upande wa Pili. Ilikuwa Kitangiri, kule nyumba zinakopanda mlima zikipenya katikati ya mawe, na hii ilikuwa imeegemea jiwe kubwa kiasi kwamba ukuta wa nyuma haukujengwa kabisa. Hapo penye ubaridi wa jiwe ndipo Ndalahwa alipopanga santuri zake, mia kadhaa, zimesimama wima kwenye rafu za mbao alizozipiga randa kwa mkono wake. Mbele kulikuwa na kaunta, meza tano, friji, na dirisha pana linalotazama ziwa. Aliyetaka bia alipata bia. Aliyetaka santuri aliuziwa, ila kwa sharti akae kwanza aisikilize pande zote mbili, na waliomo wote waisikilize pamoja naye. Santuri ikishaanza haikatizwi. Kuna bwana mmoja wa Arusha aliyewahi kuingia pale akitaka kuondoka haraka na santuri sita. Alijikuta bado amekaa jua linazama, na siku hizi huwatumia salamu za sikukuu.

Miezi miwili nyuma Wilhelmina hakuwa na habari na santuri za mtu yeyote. Alikuwa amefuata sato wa kukaanga wa Paskazia, mpishi wa pale, ambaye sifa zake zilishafika mpaka kanisani. Akaambiwa asubiri kidogo, samaki bado yuko kwenye mafuta. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hapo ndipo alipomsikia yule mwanaume.

"Yule mwanaume" ndilo jina walilompa wazee wa pale. Alikuwa mwimbaji wa kwenye santuri moja ndogo isiyo na jalada, karatasi yake ya katikati imebanduka yote, haina jina wala namba. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, na gitaa lilimfuata nyuma likijivuta. Alikuwa akiimba hivi:

*Chakula kimepoa, mwenzangu, mbona hufiki?*
*Nimefunua, nimefunika, mbona hufiki?*

Wazee waliinamia glasi zao. Ilipofika katikati, pale mwimbaji aliposhindwa kuendelea na kutoa sauti ya kukwama kooni, mzee mmoja alivua kofia. Wilhelmina naye alishika ukingo wa meza, kwa sababu nyingine kabisa. Kila neno alilijua kabla halijaimbwa. Ule wimbo ulikuwa wake. Ile sauti, kwa ajabu yote ya dunia, ilikuwa yake.

Mwaka themanini na mbili, akiwa na miaka kumi na minane, alisafiri na bendi moja ya Mwanza mpaka Nairobi, wakarekodi siku moja na kurudi. Ulikuwa wimbo wa mbio, wa msichana anayemtania bwana aliyechelewa. Baba yake aliusikia kwenye redio ya duka kule Nansio, Ukerewe, akapanda meli, akaja kumchukua. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha uuguzi. Hakuimba tena ila sauti ya pili kanisani, katikati ya wenzake, na hakumwambia mtu, hata marehemu mume wake. Na sasa, miaka arobaini na zaidi baadaye, alikuwa akisikilizwa na baa nzima, amegeuka mwanaume, kwa sababu mtu fulani alikuwa akiizungusha santuri yake polepole kuliko inavyotakiwa.

Alichukua samaki wake akaenda nyumbani, na hakumla. Alhamisi iliyofuata alirudi. Ndalahwa alimletea soda mwenyewe, akakaa, akamuuliza kama anapenda muziki, na Wilhelmina akasema kidogo. Tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi hata moja. Kila mara alisema moyoni kwamba leo atasema, na kila mara alinyamaza.

*

Jumamosi hiyo Ndalahwa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Alikuwa mrefu, wa miaka sitini na mitatu, na mikono yake ilikuwa mipana, ya mtu aliyekuwa fundi wa mitambo ya meli kwa miaka thelathini na mmoja. Alipomwona Wilhelmina akiingia alisahau kwamba ameshika kitambaa cha kufutia meza, akakiweka mfukoni pamoja na maji yake.

"Karibuni. Karibu, Mama Yeremia. Karibu, baba."

Macho yake yalimkuta Wilhelmina, yakakaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na namna ya kumtazama iliyomfanya ajisikie kama amefika mahali alipokuwa akisubiriwa. Wilhelmina aliyaacha macho yake yamjibu, mwanawe akiwa hapo hapo, na wala hakuona aibu.

"Tunywe nini?" aliuliza Ndalahwa.

"Maji," alisema Yeremia.

"Na mama?"

"Unajua ninachokunywa," alisema Wilhelmina.

Yeremia aligeuka akamwangalia mama yake. Paskazia alileta maji na soda ya tangawizi, akachelewa kuondoka, kisha akaamua kuifuta meza ya jirani ambayo haikuwa na uchafu wowote. Kwenye meza ya dirishani alikaa mzee Nkwabi, mteja wa kila siku, akijifanya anatazama ziwa.

"Mzee, sitazunguka," Yeremia alianza. "Mama yangu ni mtu anayeheshimika. Amelea watoto wa watu hospitalini, amenilea mimi, kanisani wanamtegemea. Nakuheshimu, lakini nataka kuelewa. Mtu kama yeye anafuata nini hapa?"

"Mwanzoni alifuata samaki," alisema Ndalahwa.

Paskazia aliitikia kwa kichwa.

"Na sasa?"

Ndalahwa alifikiri. Kabla hajajibu, mzee Nkwabi aliingilia kutoka dirishani, kwa nia njema kabisa. "Bwana Ndalahwa, huyu kijana ni mgeni. Mwekee yule mwanaume asikie. Akimsikia atatuelewa."

Wilhelmina aliisogeza soda yake kando. "Siyo lazima leo," alisema.

"Ni leo hasa, mayu," Nkwabi alimwambia. Alimwita hivyo, yaani mama, kwa Kisukuma chake cha heshima, tangu siku ya kwanza.

Ndalahwa alishainuka. Aliichukua ile santuri ndogo kwa ncha za vidole, akaipuliza, akaiweka, akashusha sindano. Sauti nzito ikajaa chumba, na watu wakanyamaza kama kawaida. Yeremia alifungua mdomo; Paskazia akamwonyesha kidole cha onyo. Haikatizwi. Ikabidi mhandisi wa watu kutoka Dodoma akae kimya, amekunja mikono, akisikiliza mwanaume akilalamikia chakula kilichopoa. Ilipofika pale katikati, pale sauti inapokwama kooni, Nkwabi alivua kofia.

Sindano ilipofika mwisho na kujiinua, Ndalahwa hakukaa. Alibaki amesimama kando ya mashine.

"Umeniuliza anafuata nini hapa," alimwambia Yeremia. "Mimi nilimzika mke wangu miaka sita iliyopita. Wiki ileile kuna mtu aliniletea sanduku la santuri za baba yake. Nikaweka hii, na nikamsikia huyu. Ni mlinzi wa Musoma, alifiwa na mkewe, akawa kila jioni anamwandalia sahani yake na kuifunika. Kisha akaimba huu wimbo mara moja tu, akaacha muziki. Nikasema, kumbe niko na mwenzangu. Ndiyo maana nilifungua hapa. Nadhani mama yako naye alikuja akamkuta mwenzake."

"Hayo ya mlinzi umeyasoma wapi?" aliuliza Yeremia.

Ndalahwa alikohoa. "Sikuyasoma. Unayasikia kwenye sauti."

"Kwa hiyo umeyatunga."

Yeremia hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na woga wa mtoto anayeona mama yake anachukuliwa, na woga huo ulimfanya awe mkali.

"Samahani, mzee, lakini ndiyo hofu yangu hiyo. Umekaa na santuri miaka sita, humjui aliyeimba, ukamtungia maisha. Mama yangu umekaa naye miezi miwili. Umemtungia nini? Wewe humjui. Na yeye hakujui. Mama, niambie ukweli. Huyu mzee anakujua?"

Wilhelmina alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika mdomoni likagoma, kwa sababu mwanawe alikuwa amesema kweli. Alimtazama Ndalahwa, na Ndalahwa alikuwa akimtazama kwa imani yote, anasubiri atetewe. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile, na hakuwahi kujisikia mwongo kiasi kile.

Alisimama, akaiweka sawa khanga kiunoni, akatembea mpaka kwenye mashine.

"Mama Yeremia?" Ndalahwa alisema.

"Irudishe mwanzo."

Aliirudisha bila kuuliza. Yule mwanaume akaanza tena, chakula kimepoa, mwenzangu. Wilhelmina aliinua sindano katikati ya mstari.

"Mayu, haikatizwi," alisema Nkwabi kwa masikitiko.

"Leo inakatizwa, mzee wangu. Mtanisamehe."

Pembeni ya mashine kulikuwa na swichi ndogo ya mwendo iliyokuwa kwenye thelathini na tatu. Aliisogeza mpaka arobaini na tano, akashusha sindano.

Gitaa liliruka. Ngoma ambazo hakuna mtu pale aliyewahi kuzisikia zikatokea chini yake, nyepesi, za kuchezesha mabega, na juu ya yote hayo ikaja sauti ya msichana, kali, imejaa kejeli, ikimwambia bwana fulani kwamba chakula kimepoa, amefunua, amefunika, na kama hafiki sasa hivi atamlisha jirani. Paskazia aliacha kufuta. Mzee Nkwabi alikuwa ameshika kofia yake tayari kwa pale katikati, na pale katikati palipofika haikuwa kilio. Msichana alikuwa anacheka. Kicheko kilimponyoka, akajaribu kukimeza, kikamshinda, kisha akaudaka wimbo tena na kuendelea.

Yeremia aliinuka kitini. Kicheko kile alikuwa amekisikia tangu tumboni.

"Mama," alisema. "Huyo ni wewe."

"Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba yako hakuwahi kujua. Babu yako alijua, na ndiye aliyenikataza."

Santuri iliendelea kuimba mpaka mwisho. Ilipokwisha, watu wote walimtazama Ndalahwa. Uso wake ulikuwa umejifunga. Aliizima mashine, akakaa kwenye kigoda cha nyuma ya kaunta, na kwa mara ya kwanza Wilhelmina aliona jinsi alivyokuwa mzee.

"Fundi mzima," Paskazia alinong'ona. "Miaka thelathini melini, hajasikia mashine inakwenda polepole."

"Paskazia," alisema Ndalahwa, "nenda jikoni."

Alikwenda, lakini mlango wa jikoni aliuacha wazi.

"Najua kwamba hizi ndogo nyingi zinakwenda arobaini na tano," Ndalahwa alisema taratibu. "Mtoto anajua hilo. Siku ile nilikuta mashine iko kwenye thelathini na tatu, nikaweka, nikasikia mtu anaumia kama mimi. Sikugusa kitu tena. Ungegusa wewe?" Alimwinulia macho. "Miezi miwili, Wilhelmina. Miezi miwili nakusimulia habari za mlinzi wa Musoma, na wewe unaniitikia. Ulikuwa unanicheka?"

Alikuwa amemwita jina lake mbele ya mwanawe. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Sijakucheka hata siku moja," alisema Wilhelmina. "Siku ya kwanza niliwaona wanaume wazima wanafuta macho kwa ajili ya wimbo ambao baba yangu aliuita wa aibu. Nikajisemea, nikifungua mdomo nitawaharibia. Nikarudi, nikarudi tena. Halafu likaja jambo jingine. Niliona unavyompenda huyo mlinzi wako. Nikaogopa kwamba mimi unanipenda kwa sababu nakaa kimya vizuri ukimsikiliza. Mtu anayekaa kimya unampata popote. Mimi siyo mtu wa kimya, Ndalahwa. Nimekaa kimya miaka arobaini kwa kuambiwa."

"Kwa hiyo hayupo," alisema Ndalahwa. "Miaka sita nimekaa na mtu ambaye hayupo."

Ilimuuma Wilhelmina sana, kwa sababu aliona ni msiba kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Yeremia, ambaye saa moja iliyopita angefurahi kuona mambo yanaharibika hivi, sasa alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, tuondoke," alisema kwa upole. "Mwache mzee apumzike."

Wilhelmina hakusogea. Angeweza kuondoka akiwa na heshima yake yote, begi likafungwa, Jumapili ikafika, na kule Dodoma kungekuwa na wajukuu na chumba kizuri. Aliliona jambo hilo lote mara moja na akaona kwamba halitaki. Alizunguka kaunta, mahali ambapo wateja hawaruhusiwi, akasimama mbele ya Ndalahwa.

"Huyo mtu wako nilimsikia hata mimi," alisema. "Nilimsikia ana huzuni na nikamwonea huruma, na ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Mwanaume aliyefiwa alikuwepo humu ndani miaka yote sita, isipokuwa hakuwa kwenye santuri. Huyo ndiye niliyekuwa nakuja kumwona kila Alhamisi."

Ndalahwa akauliza, kama mtu anayeulizia hitilafu ya mashine, "Na pale katikati? Pale tunapovua kofia?"

"Mpiga gitaa alikatikiwa na waya, ukamchapa puani. Akaendelea kupiga kama hakuna kilichotokea. Nikashindwa kujizuia."

Mzee Nkwabi aliitazama kofia yake, akaivaa. Mdomo wa Ndalahwa ulianza kutetemeka upande mmoja. Alijaribu kuuzuia, akageukia jiwe, mabega yakaanza kucheza, na alipogeuka tena alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka, na haikujulikana kipi kilianza.

"Puani," alisema.

"Puani kabisa."

"Miaka sita tunamvulia kofia." Alijifuta kwa kitambaa cha meza kilichokuwa mfukoni, akakumbuka ni cha meza, akaendelea tu kujifuta. "Kuna kingine ambacho hujaniambia?"

"Kipo kimoja," alisema Wilhelmina. "Siendi Dodoma."

Alikisema kwa utulivu, na alikisema akiwa anamtazama mwanawe.

Yeremia aliyapokea maneno hayo akiwa amesimama katikati ya chumba. "Umeamua bila mimi," alisema.

"Nimeamua mbele yako. Ndiyo maana nimekuleta, usije ukaambiwa na watu wawili kwenye simu."

"Na Baba?"

"Baba yako nilimpenda, nikamuuguza, nikamzika. Wewe ulikuwepo. Uliona nilivyomfanyia. Kuna siku niliyopunguza?"

"Hakuna," alisema Yeremia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi usimlete hapa kama polisi. Baba yako hakuwa polisi."

"Watu watasema, Mama."

"Wameshasema. Wakichoka watakuja kula samaki."

Yeremia alipitisha mkono kwenye kipara chake. Alikuwa akimtazama mama yake kwa namna mpya, kama amekutana naye njiani na kuhisi anamfananisha na mtu. Wilhelmina alimwona anavyohangaika, akatamani amshike kichwa kama zamani. Alijizuia. Haya mengine yalikuwa ya mwanawe kuyamaliza mwenyewe.

Ndalahwa ndiye aliyeamua lililofuata. Aliinuka kutoka kwenye kigoda, akatoka nyuma ya kaunta, akaenda kunawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni. Alivuta shati lake chini. Kisha akamwendea Yeremia, akasimama hatua mbili mbele yake.

"Baba zake na kaka zake wote wamezikwa Ukerewe," alisema. "Nimeulizia. Mwanaume wa kumwendea ni wewe, hakuna mwingine. Nilitakiwa kumtuma mtu, na mtu mwenyewe ni Nkwabi, unamwona alivyo. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe."

Akainama, mzee wa miaka sitini na mitatu mbele ya kijana wa thelathini na sita, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Shikamoo," alisema.

Paskazia alitoa kichwa jikoni. Nkwabi alisimama. Yeremia alirudi nyuma nusu hatua, uso umemwiva.

"Mzee, usinifanyie hivyo. Mimi ni mtoto wako."

"Leo si mtoto wangu. Leo nimekuja kuoa kwako. Shikamoo."

Hakuinuka. Sekunde zilipita, na Ndalahwa aliendelea kuinama, mgongo wake ukionyesha wazi kwamba haupendi kazi hiyo. Wilhelmina alimlea Yeremia mwenyewe, na alijua hakumlea mtu wa kuacha salamu ya mzee ianguke chini. Alijua pia kwamba akiitikia hiyo, atakuwa ameshakaa kwenye kiti cha baba mkwe na itambidi asikilize. Alishika ukingo wa kaunta, akangoja.

"Marahaba," alisema Yeremia.

Ndalahwa aliinuka taratibu, akishika kiuno.

"Sema shida yako, mzee," Yeremia aliendelea. Alikuwa amenyooka, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imetulia, ikaanza kufanana na ya marehemu baba yake.

"Nimekuja kumposa mama yako. Baa ninayo, siifichi. Siku ya Jumapili haifunguliwi, na imekuwa hivyo tangu kabla sijamjua. Mke wangu wa kwanza nilikaa naye miaka ishirini na nane, mwanangu Sabina yuko Geita, mwulize yeye nilimtunza vipi mama yake. Mama yako nampenda. Nilimpenda nikidhani ni mtu wa kimya, na sasa najua siyo, na nampenda zaidi. Nimemaliza."

Yeremia aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeyapanga maneno kwenye rafu. Kisha akageuka.

"Kwetu hatupokei posa bila kumuuliza binti," alisema. Alisita kwenye neno hilo, na kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake. "Mama. Unamfahamu mzee huyu?"

Wilhelmina alikuwa ameshaulizwa swali hilo mara moja maishani. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amefunikwa khanga, macho kwenye mkeka, na kabla hajajibu shangazi yake alikuwa ameshamjibia, kwa sababu msichana mwenye adabu haonyeshi kwamba anataka. Mume aliyempata alikuwa mwema, na hakujutia. Lakini neno lenyewe hakulisema.

Aliinua uso. Alimtazama Ndalahwa, shati lake jeupe limelowa mfukoni, macho yake yana woga wa kijana, akampenda wazi mbele ya watu wote. Akajibu kwa sauti iliyogonga jiwe la nyuma na kurudi.

"Namfahamu," alisema. "Pokea posa yake."